Mwenye Waranti Ndiye wa Mwisho Kujua

Naibu wa sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, akikusimamisha katika kaunti yoyote ya mashambani huko Marekani, hutuma jina na tarehe yako ya kuzaliwa kwa redio au kwa kompyuta ya garini, na kabla hujamaliza kutafuta karatasi za bima ameshajua kama kuna waranti, yaani hati ya kukukamata. Wewe ukitaka kujua jambo hilohilo, utapiga simu kwenye ofisi inayofungwa saa ya chakula cha mchana. Ikipokelewa, huenda ukaambiwa, "Njoo mwenyewe tuzungumze." Basi uamue kama una moyo wa kusimama mbele ya dirisha ambalo aliye ng'ambo yake ana pingu kiunoni.

Serikali inamjua mtu kwa sekunde chache, ilhali mtu huyo hajijui kwa miaka. Watu wengi huliona hili kuwa jambo la kawaida: aliyekosa kufika mahakamani si anajua alichokifanya? Mimi naliona kuwa kasoro ya mfumo, na naona mzigo umewekwa begani pasipostahili. Mahakama inayotoa waranti ndiyo inayopaswa kuhangaika hadi habari imfikie mhusika.

Waranti ninazozizungumzia si zile ambazo polisi huziomba. Zile zina utaratibu wake: Marekebisho ya Nne ya Katiba ya Marekani yanataka mtu aape na aonyeshe sababu za kuamini kwamba fulani ametenda kosa. Hizi nyingine jaji huzitoa akiwa kitini. Kesi imeitwa, jina limesomwa, hakuna aliyeitikia, jaji anaagiza mtu huyo akamatwe na karani anaandika. Wakati mwingine ni faini ambayo haikulipwa kwa tarehe iliyopangwa, au mtu wa kifungo cha nje ambaye hakuripoti, au shahidi aliyeitwa akakaa kimya. Karatasi ya namna hii hutoka kwa dakika moja na kwa kawaida haina siku ya kuisha nguvu. Inaishi mpaka jaji aifute, au mtu akamatwe, au afariki.

Nazo si chache. Katika kesi ya Utah dhidi ya Strieff ya mwaka 2016, Jaji Sonia Sotomayor wa Mahakama ya Juu aliandika, kwenye maoni yake ya kupinga, kwamba kanzidata za majimbo na za serikali kuu zina waranti zaidi ya milioni 7.8 ambazo hazijatekelezwa, nyingi mno zikionekana kuwa za makosa madogo. Katika kesi yenyewe, mpelelezi alimsimamisha mtu bila sababu halali, akagundua ana waranti ndogo ya trafiki, akamkamata kwa hiyo, akampekua na kumkuta na dawa za kulevya. Majaji walio wengi walisema ushahidi ule utumike, kwa kuwa waranti ilikuwepo hata kabla ya kosa la mpelelezi. Kwa hiyo waranti usiyoijua haikai tu ikikungoja. Inaweza kumpa askari haki ambayo dakika tano zilizopita hakuwa nayo.

Sasa tuingie mashambani.

Marekani ina kaunti zaidi ya 3,000, na neno hilo moja linabeba vitu visivyofanana hata kidogo. Kaunti ya Los Angeles ina watu karibu milioni 10. Kaunti ya Loving, Texas, ilihesabiwa kuwa na watu 64 katika sensa ya 2020, nayo ina sherifu wake, jaji wake na karani wake. Sherifu huchaguliwa kwa kura karibu kila mahali, karani wa mahakama huchaguliwa katika majimbo mengi, na kila mmoja ana bajeti yake na desturi zake za kutunza karatasi. Chini ya kaunti kuna mahakama ndogo zaidi za miji na vijiji. New York peke yake ina karibu 1,200 za namna hiyo, majaji wake wengi si wanasheria, na baadhi huketi jioni moja au mbili kwa mwezi. Mtu aliyeandikiwa kosa la mwendo kasi akipita huko hawezi kukuambia kwa uhakika kama kesi yake iko kwa mji, kwa kijiji au kwa kaunti. Anachokumbuka ni kituo cha mafuta kilichokuwa jirani.

Jaji wa mahakama kubwa naye mara nyingi si wa kaunti moja. Anazunguka kaunti tatu, nne au zaidi, na zamu ya kaunti ikipita watu husubiri duru nyingine. Barua za mahakama huenda kwenye anwani iliyoandikwa siku ya kosa, na watu wanaofuata kazi za mavuno au visima vya mafuta huhama kabla barua haijafika. Bahasha inarudi ikiwa na muhuri wa posta kwamba mhusika hapatikani. Ungetarajia bahasha hiyo iwe kengele kwa mtu fulani, ili aulize: je, huyu alijua kweli kwamba ana kesi leo? Sivyo mambo yanavyokwenda mara nyingi. Jina linaitwa, kimya, waranti.

Kisha kuna usafiri. Jengo la mahakama linaweza kuwa kilomita 80 kutoka nyumbani na hakuna basi. Katika majimbo mengi kutojibu kesi ya trafiki husababisha leseni kusimamishwa, na majimbo yaliyo mengi yana mkataba wa kupeana taarifa, kwa hiyo kosa la Nebraska linaweza kukufungia leseni iliyotolewa na jimbo lako mwenyewe. Mtu sasa anatakiwa aende mahakamani kusafisha jambo, na njia pekee ya kufika ni kuendesha gari asiloruhusiwa kuendesha. Waswahili wenzetu wengi walioko huko wanashika usukani wa malori na kukatiza makaunti haya usiku na mchana. Kwao karatasi moja iliyosahaulika inaweza kuondoka na kazi.

Kisa kinachoonyesha vizuri jinsi habari hizi zinavyotunzwa kilitokea Alabama. Julai 2004, Bennie Dean Herring alikwenda katika ofisi ya sherifu wa Kaunti ya Coffee kuchukua kitu kutoka kwenye gari lake lililokuwa limezuiliwa. Mpelelezi mmoja alimfahamu, akamwomba karani wa waranti aangalie kama ana chochote. Hakuna. Akaomba aulizwe mwenzake wa kaunti ya jirani, Dale. Karani wa Dale akatazama kompyuta akasema ipo, ya kutofika mahakamani. Mpelelezi akamfuata Herring barabarani, akamkamata, akamkuta na dawa ya kulevya aina ya methamfetamini mfukoni na bastola ndani ya gari.

Wakati hayo yakiendelea, karani wa Dale alikwenda kutafuta nakala yenyewe ya waranti ili aitume kwa faksi. Hakuiona. Akapiga simu kwa karani wa mahakama, akaambiwa kwamba waranti ile ilishafutwa miezi mitano nyuma. Akampigia haraka mwenzake wa Coffee, lakini pingu zilishafungwa. Yote hayo yalitokea ndani ya dakika 10 hadi 15.

Tazama jinsi mfumo ulivyosukwa. Jaji akifuta waranti, mtu wa mahakama humpigia simu karani wa sherifu, na huyo ndiye anayeifuta kwenye kompyuta na kuitupa karatasi. Simu ile ama haikupigwa ama haikufanyiwa kazi, na hakuna aliyejua. Mahakama ya Juu ilipoamua kesi hiyo Januari 2009, majaji watano dhidi ya wanne walisema ulikuwa uzembe wa mara moja, si tabia, kwa hiyo ushahidi haukupaswa kutupwa. Jaji Ruth Bader Ginsburg alipinga, akionyesha kwamba hapakuwa na desturi yoyote ya kukagua usahihi wa kanzidata ile. Mimi niko upande wa Ginsburg. Herring hakuwa malaika, lakini kaunti iliyoandika kosa haikulipia chochote, na ofisi isiyolipia makosa yake haina haraka ya kuyarekebisha. Tena hili halikuwa geni: mwaka 1995, katika kesi ya Arizona dhidi ya Evans, mahakama hiyohiyo ilikubali ushahidi uliotokana na waranti iliyofutwa siku 17 kabla ya mtu kukamatwa.

Somo la kisa cha Coffee kwa mtu wa kawaida ni kwamba waranti moja hukaa mahali patatu: kwenye faili la kesi kwa karani wa mahakama, kwenye orodha ya sherifu, na kwenye kanzidata za polisi. Mahali hapo patatu si lazima paseme kitu kimoja. Kanzidata ya taifa inayoendeshwa na FBI, polisi wa upelelezi wa serikali kuu, tangu 1967 haifunguliwi kwa raia, na waranti nyingi za makosa madogo ya kaunti haziingizwi humo kabisa. Zikiingizwa, kaunti hueleza ni umbali gani iko tayari kusafiri kumchukua mtu. Kaunti yenye manaibu wanne haitatuma gari majimbo matatu mbali kwa sababu ya faini ya trafiki. Ndiyo maana mtu anasimamishwa Ohio, anaambiwa "una waranti ya mahali fulani", kisha anaachwa aende zake. Anarudi nyumbani akiamini jambo limekwisha. Halijaisha. Siku akikanyaga tena kaunti ile, litakuwa linamngoja na dhamana ya pesa taslimu juu yake.

Basi anayetaka kujua aanzie kwa karani wa mahakama, si kwa sherifu. Waranti ya jaji ni tukio ndani ya kesi, na kesi ina daftari ambalo kwa kawaida ni wazi kwa umma. Usiulize "nina waranti?" Uliza nini kimeandikwa mwisho kwenye kesi namba fulani, au kesi zote zenye jina hili na tarehe hii ya kuzaliwa. Karani hana pingu, na kazi yake ni kutunza daftari hilo. Majimbo kama Oklahoma yameweka madaftari ya mahakama mtandaoni, na anayejua kuyasoma ataona mstari wa waranti pamoja na tarehe na kiasi cha dhamana. Kwingine utalazimika kupiga simu au kuandika barua. Kama uliwahi kupewa wakili wa kukutetea kwa gharama ya serikali katika kesi hiyo, mpigie yeye kwanza. Wakili anaweza kuuliza bila kukamatwa, tena anaweza kuomba waranti ifutwe na kesi ipangiwe siku mpya. Ikifutwa, omba nakala ya amri yenye muhuri na uiweke kwenye gari. Herring angekuwa nayo siku ile, pengine yule mpelelezi angetulia kidogo asubiri simu ya pili.

Kwa asiye raia kuna jambo la kuongeza. Kusoma daftari ukiwa nyumbani hakuna madhara, lakini kabla ya kwenda mwenyewe kwenye jengo la mahakama, zungumza na wakili anayejua mambo ya uhamiaji. Tangu kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky ya mwaka 2010, wakili wa jinai anawajibika kumweleza mteja wake athari za kukiri kosa kwa hadhi yake ya uhamiaji. Wengi wanakiri haraka ili wamalize, wakidhani faini ndiyo mwisho wake.

Tovuti za biashara zinazouza "uchunguzi wa rekodi" ziache. Hazina mlango wa siri wa kuingilia kanzidata za polisi. Hukusanya rekodi za umma, mara nyingi zilizopitwa na wakati, na kwa kaunti ndogo huenda hazina chochote. Jibu lao kwamba huna waranti halina uzito wowote. Na anayekupigia akidai ni naibu wa sherifu, kwamba ulikosa kufika kwenye baraza la wazee wa mahakama, yaani raia wanaoitwa kuamua kesi, na kwamba utasalimika ukinunua kadi za zawadi na kumsomea namba zake, huyo ni tapeli. Mahakama haipokei kadi za zawadi. Utapeli huu unashika kwa sababu ileile ninayoilalamikia: mtu wa kawaida hana njia rahisi ya kuthibitisha kwamba hadaiwi.

Kutojua kuna gharama, na mfano mzito ninaoujua ni wa Kaunti ya Choctaw, Mississippi. Aprili 2012 mwanamke mmoja alisimamishwa na polisi katika mji wa jirani, akakutwa na waranti za makosa madogo. Alipozimaliza na kujiandaa kutoka, akaambiwa Choctaw nako anatafutwa kwa hati nyingine, iliyotokana na mashtaka ya kosa kubwa ambayo hakuwa na habari nayo. Ilikuwa hati ya aina tofauti na hizi za kutofika, lakini jela ni ileile. Aliomba aonane na jaji. Jibu la sherifu lilikuwa kwamba mahakama haitaketi hadi Agosti. Alikaa siku 96 bila kufikishwa mbele ya jaji yeyote. Walipokuja kuutazama ushahidi wa video, mashtaka yakafutwa. Hakuwa ametenda kosa hilo. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tano iliamua kwamba haki zake za kikatiba zilivunjwa.

Siku 96! Watu hupenda kusema kwamba asiye na hatia hana cha kuogopa.

Nikirudi kwenye waranti za faini, Mahakama ya Juu ilishasema mwaka 1983, katika kesi ya Bearden dhidi ya Georgia, kwamba huwezi kumfunga mtu kwa kushindwa kulipa bila kwanza kuuliza kama anacho cha kulipa. Danny Bearden alilipa dola 200 za mwanzo kwa kukopa kwa wazazi wake, kisha akaachishwa kazi, na salio la dola 550 likampeleka gerezani. Miaka zaidi ya 40 baadaye kanuni ipo, lakini swali hilo huulizwa baada ya kukamatwa, mtu akiwa ameshalala jela usiku mmoja au zaidi. Waranti ikitolewa kwa sababu pesa haikuingia, hakuna aliyekuwepo chumbani wa kuulizwa. Na Texas huongeza ada ya dola 50 ya kushughulikia waranti juu ya deni ambalo mtu tayari hakuliweza.

Wapo watakaosema kwamba ukimjulisha mtu, atatoroka. Kwa mshukiwa wa mauaji hoja hiyo ina nguvu, na ndiyo maana waranti zinazoombwa na polisi hufichwa hadi zitekelezwe. Kwa mtu anayedaiwa faini ya taa ya nyuma iliyoungua, haina maana. Hajatoroka, yuko kwake, anakwenda kazini kila siku. Agosti 2005 mjini Cleveland maofisa wa serikali kuu walifungua mlango wa kanisa wakatangaza kwamba wenye waranti waje kujisalimisha na kusikilizwa palepale. Zaidi ya watu 800 walikuja kwa siku nne. Hao si wakimbizi wa sheria. Ni watu waliokuwa wakisubiri mlango usio na kituo cha polisi nyuma yake.

Dawa ya msingi nayo si ghali. Nebraska ilijaribu katika kaunti 14: watuhumiwa wa makosa madogo walipelekewa kadi za posta za kuwakumbusha siku ya kesi. Wasiopelekewa chochote walikosa kufika kwa asilimia 12.6, waliopelekewa kadi iliyoeleza pia adhabu ya kutofika walishuka hadi asilimia 8.3. New York mjini, ujumbe mfupi wa simu ulipunguza utoro kwa karibu asilimia 21, na kuipanga upya fomu ya wito, ili tarehe na mahali vionekane juu kabisa, kuliupunguza kwa asilimia 13. Nambari hizi zinasema kwamba sehemu kubwa ya hao tunaowaita watoro walisahau, au hawakuielewa karatasi. Mwaka 2017 Texas ilibadilisha sheria yake ili mahakama za makosa madogo zitoe taarifa kabla ya kutoa waranti, na ziifute mtu akijileta mwenyewe. Texas, jimbo ambalo kila mwaka lilikuwa na msako mkubwa wa waranti, si mahali pa huruma ya bure. Waliona hesabu.

Makarani wa kaunti ndogo watalalamika kwamba hawana watu, na wanasema kweli. Mmoja anapokea simu, anapokea faini na anaandika daftari. Lakini kaunti hiyohiyo ina mafuta ya kumpeleka naibu maili mia kumleta mtu, na ina pesa ya kumlisha jela mpaka jaji azunguke. Kwa sehemu ndogo ya pesa hizo inaweza kuweka daftari lake mtandaoni, kutuma ujumbe wa simu wiki moja kabla ya kesi, kukagua kila mwezi kwamba kompyuta ya sherifu inasema kile kinachosemwa na faili la mahakama, na kutenga asubuhi moja kila mwezi ambapo mwenye waranti ya kosa dogo anaingia mlangoni, anapewa tarehe mpya na anarudi kwake. Wagombea usherifu na ukarani huomba kura za watu hawahawa kwenye maonyesho ya kilimo na mechi za shule, na ni mara chache utasikia wakiulizwa lolote kati ya haya.